Kasoro za atomu katika elektrodi za betri za lithi

Kasoro za atomu katika elektrodi za betri za lithi ni sehemu ndani ya fuwele ya elektrodi ambako atomu hazikukaa kama mpangilio wa fuwele hiyo unavyotaka: nafasi moja iko tupu, atomu mbili zimebadilishana mahali, au atomu ya elementi ngeni imeingia pasipo pake. Kuziongeza, kuzipunguza au kuzihamisha kasoro hizo kwa makusudi, ili betri idumu, ibebe umeme mwingi au ichajiwe upesi, huitwa uhandisi wa kasoro.

Neno "kasoro" linapotosha kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku kitu chenye kasoro ni kibovu. Katika fuwele, kasoro inaweza kuiharibu betri au kuiboresha, na mara nyingine ni kasoro ya aina ileile. Kinacholeta tofauti ni idadi yake, mahali ilipo na ukubwa wa chembe iliyoibeba.

Jambo hili haliko mbali na maisha ya Afrika ya Mashariki. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria huvua usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa kuwavuta dagaa kwenye mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Katika miaka ya 2010 na baadaye taa za LED zenye betri zimeenea. Mtu wa Mwisenge mjini Musoma (penye shule ya msingi aliyoanza masomo Julius Nyerere mwaka 1934) anaweza kuwa na betri ya lithi kwenye simu, kwenye taa ya sola na kwenye mtumbwi. Betri hiyo ikichoka kabla ya wakati, gharama ni ya mwenye taa. Sehemu ya sababu ya kuchoka kwake imo ndani ya fuwele, katika umbali mdogo kuliko nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Jinsi betri inavyofanya kazi

Betri ya lithi ina elektrodi mbili. Kati yake kuna utando wenye vitundu vidogo, uliolowa umajimaji unaopitisha ioni. Elektrodi hasi, yaani anodi, kwa kawaida ni grafiti. Elektrodi chanya, yaani kathodi, ni kampaundi ya lithi pamoja na metali nyingine na oksijeni. Betri inapochajiwa, ioni za lithi hutoka kwenye kathodi, huvuka umajimaji na kujipenyeza katikati ya tabaka za grafiti. Betri inapotumika, hurudi zilikotoka. Elektroni nazo husafiri upande uleule, ila hupita nje kwenye waya, na huko ndiko zinakowasha taa.

Elektrodi basi ina wasafiri wawili wa kuwahudumia kwa pamoja: ioni ya lithi na elektroni. Mmoja akikwama, mwingine naye hawezi kuendelea. Takriban kila mbinu itakayoelezwa hapa chini inalenga kumfungulia njia mmoja wao bila kumfungia mwenzake.

Stanley Whittingham alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba lithi inaweza kuingia na kutoka katika mango bila kuibomoa. John Goodenough na wenzake huko Oxford walitangaza kathodi ya lithi na oksidi ya kobalti mwaka 1980. Mwaka huohuo Rachid Yazami, mwanasayansi mzaliwa wa Fes nchini Moroko, alionyesha kwamba lithi inaweza kuingia katika grafiti na kutoka tena kwa njia ya umeme. Akira Yoshino alitengeneza betri kamili yenye anodi ya kaboni mwaka 1985, na kampuni ya Sony ikaanza kuziuza betri za aina hiyo mwaka 1991. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Yazami hakuwemo, ingawa mchango wake ulitambuliwa mwaka 2014 kwa Tuzo ya Draper, aliyoipata pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi.

Kasoro ni nini

Fuwele ni mango ambayo atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Utaratibu kamili kabisa haupo. Joto lenyewe hutikisa atomu, na fuwele yoyote iliyotengenezwa katika tanuri au ardhini hubaki na nafasi tupu chache na atomu chache zilizopotea njia. Hivyo mhandisi hachagui kati ya fuwele yenye kasoro na isiyo nazo. Anachagua kasoro zipi zibaki, na ngapi.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye vito vya Tanzania. Korundi ni oksidi ya alumini, na ikiwa safi haina rangi. Atomu chache za kromi zikikaa mahali pa alumini, jiwe hilohilo huwa jekundu na kuitwa rubi, kama ile inayopatikana Longido. Tanzaniti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni madini ya zoisiti ambayo ndani yake kuna kiasi kidogo cha vanadi mahali pa alumini. Rangi yake ya buluu na zambarau inatokana na wageni hao. Mawe mengi ya tanzaniti hutoka ardhini yakiwa ya kahawia na hupashwa moto hadi yawe ya buluu. Joto halibadilishi umbo la fuwele. Linabadilisha hali ya atomu ngeni zilizomo. Mchimbaji anayepasha jiwe moto anafanya uhandisi wa kasoro, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Katika elektrodi, aina tatu za kasoro hutajwa mara kwa mara. Nafasi tupu ni mahali ambapo atomu ilipaswa kuwapo na haipo. Atomu ngeni ni ile ya elementi nyingine iliyowekwa badala ya mwenyeji. Aina ya tatu ni kubadilishana mahali, pale atomu mbili za fuwele ileile zinapokaa kila moja kwenye kiti cha mwenzake. Hii ya tatu ndiyo iliyowasumbua sana watengenezaji wa kathodi ya fosfati ya chuma.

Chuma kwenye kichochoro cha lithi

Fosfati ya lithi na chuma, ambayo fomula yake ni LiFePO₄, ilitangazwa kuwa kathodi mwaka 1997 na kundi la Goodenough, safari hii huko Texas. Haina kobalti wala nikeli. Chuma na fosfati hupatikana kwa bei nafuu. Oksijeni yake imeshikwa kwa nguvu na fosfori, kwa hiyo haitoki kwa urahisi betri ikipata joto kali, na hatari ya moto hupungua. Kwa sababu hizo hutumika sana katika mifumo ya sola ya nyumbani, pikipiki za umeme na mabasi. Kwa kila gramu inaweza kuhifadhi hadi miliampea-saa 170.

Udhaifu wake umo katika ramani ya ndani. Katika fuwele hii lithi haisambai pande zote kama maji kwenye mchanga. Inapita kwenye vichochoro vyembamba vilivyonyooka kuelekea upande mmoja tu, na kila kichochoro kimetengwa na jirani yake. Atomu moja ya chuma ikikaa kwenye kiti cha lithi ndani ya kichochoro, ni kama jiwe lililoanguka katika njia inayopita mtu mmoja mmoja.

Hesabu fupi inaonyesha uzito wa jambo hili. Viti vya lithi katika kichochoro viko umbali wa takriban nanomita 0.3 kutoka kimoja hadi kingine. Chembe yenye upana wa nanomita 1,000 ina vichochoro vyenye viti zaidi ya 3,300 kila kimoja. Tuseme kiti kimoja katika kila 1,000 kimekaliwa na chuma, yaani asilimia 0.1 tu. Kila kichochoro kitakuwa na mawe matatu hivi kwa wastani. Jiwe moja lisingekuwa balaa, kwani lithi ingeweza kuingia na kutoka kupitia ncha zote mbili. Yakiwa mawili au zaidi, lithi iliyo katikati imefungiwa. Ipo, imelipiwa, na haifanyi kazi.

Sasa chembe ipunguzwe hadi nanomita 50. Kichochoro kinabaki na viti 170 hivi, na kwa kiwango kilekile cha kasoro vichochoro vingi havitakuwa na jiwe hata moja. Hoja hii ilichambuliwa kwa kina mwaka 2010 na Rahul Malik, Gerbrand Ceder na wenzao wa taasisi ya MIT nchini Marekani. Inaeleza kwa nini watengenezaji husaga au kukuza fosfati ya chuma katika chembe ndogo sana: kasoro ni zilezile, ila madhara yake hupungua. Katika chembe kubwa lithi hulazimika kurukia kichochoro cha jirani kupitia kasoro nyingine, na mwendo huo ni wa polepole.

Njia ya pili ni kuzuia mawe yasianguke tangu mwanzo. Kundi la Whittingham lilitengeneza fosfati hii ndani ya maji moto kwenye chombo kilichofungwa kwa mkazo. Ilipotengenezwa kwa nyuzijoto 120 hivi, takriban asilimia 7 ya viti vya lithi vilikaliwa na chuma, na kathodi ikafanya kazi vibaya. Joto lilipopandishwa hadi kupita nyuzijoto 175, atomu zilipata nguvu ya kutosha kutafuta mahali pake, na mchafuko huo ukatoweka kwa sehemu kubwa. Tofauti ya nyuzi 55 katika tanuri ndiyo iliyotenganisha betri nzuri na mbovu, ilhali unga wenyewe ulikuwa na viambato vilevile.

Baadhi ya watafiti wameonyesha baadaye kwamba kasoro hizi zikiwa chache na zimekaa vizuri hufungua njia za pembeni kati ya kichochoro na kichochoro, hivyo lithi ikapata mwelekeo wa pili. Kizuizi kimoja kinageuka kuwa daraja. Kiasi kinachofaa hutegemea ukubwa wa chembe na jinsi ilivyotengenezwa, na hakuna namba moja inayofaa kwa kila kiwanda.

Ubishi wa mwaka 2002

Msafiri wa pili, elektroni, naye alikuwa na shida katika fosfati ya chuma, kwa sababu kampaundi hii hupitisha umeme vibaya sana. Mwaka 2002 Yet-Ming Chiang na wenzake wa MIT walitangaza katika jarida la Nature Materials kwamba kiasi kidogo cha niobi, zirkoni au metali nyingine ndani ya fuwele kiliongeza upitishaji wa umeme mara milioni 100 hivi. Walieleza kwamba atomu ngeni zilikuwa zimekaa kwenye viti vya lithi na kubadilisha tabia ya fuwele nzima.

Si wote waliokubali. Kundi la Nathalie Ravet na Michel Armand lilijibu kwamba unga uliotumika ulikuwa na mabaki ya kaboni, na kaboni peke yake hupitisha umeme. Mwaka 2004 kundi la Linda Nazar nchini Kanada lilionyesha utando mwembamba wa fosfidi ya chuma juu ya chembe, ambao nao hupitisha umeme kama metali. Kwa maelezo hayo, umeme ulikuwa unapita nje ya fuwele na si ndani yake. Kampuni ya A123 Systems, ambayo Chiang alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, iliuza betri za fosfati zilizofanya kazi vizuri. Betri kufanya kazi ni jambo moja, na kujua sababu yake ni jingine. Leo njia ya kawaida viwandani ni kuvika kila chembe koti jembamba la kaboni.

Ubishi huo unastahili kusomwa na mwanafunzi yeyote wa kemia, kwani pande zote mbili zilipima vizuri na bado zikasoma matokeo kwa namna tofauti.

Grafiti na kingo zake

Tanzania ina akiba kubwa za grafiti, hasa Mahenge mkoani Morogoro na maeneo ya Ruangwa mkoani Lindi. Grafiti ni tabaka za kaboni zilizolaliana kwa umbali wa nanomita 0.335. Ikijaa lithi, kila atomu sita za kaboni hushika ioni moja, uwezo wake ni miliampea-saa 372 kwa gramu, na fuwele hutanuka kwa asilimia 10 hivi.

Lithi haiwezi kupenya uso wa tabaka lisilo na tundu. Inaingia kwa pembeni, kupitia kingo. Kwa sababu hiyo mabamba mapana ya grafiti ya asili, ambayo wachimbaji huyasifu kwa ukubwa, hayafai kama yalivyo: njia ya kutoka ukingoni hadi katikati ni ndefu. Kiwandani mabamba hayo husagwa na kuviringishwa kuwa tufe dogo, husafishwa hadi kufikia takriban asilimia 99.95 ya kaboni, kisha huvikwa kaboni nyingine. Watafiti pia hutoboa matundu madogo kwenye tabaka, au huweka atomu za nitrojeni mahali pa kaboni, ili lithi ipate milango zaidi.

Kila mlango una bei yake. Kwenye kingo na matundu ndiko umajimaji wa betri unakovunjika na kuacha utando uliokula lithi. Utando huo ni wa lazima, maana huilinda anodi, lakini lithi iliyonaswa humo katika chaji za mwanzo hairudi tena. Anodi yenye milango mingi huchaji upesi na hupoteza lithi nyingi. Yenye milango michache hutunza lithi na kuchaji polepole.

Kathodi za nikeli na kobalti

Katika oksidi zenye nikeli, lithi na metali hukaa katika tabaka zinazopishana. Ioni ya nikeli yenye chaji mbili ina nusukipenyo cha nanomita 0.069, na ile ya lithi 0.076. Ukubwa unakaribiana kiasi kwamba nikeli huingia kwenye tabaka la lithi na kuziba njia. Kobalti hupunguza tabia hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya viwanda kuendelea kuitafuta, ingawa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi moja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alumini au magnesi kidogo hutumika pia kutuliza tabaka. Ajabu ni kwamba nikeli chache zilizopotea njia hufanya kazi ya nguzo: lithi nyingi ikitoka wakati wa kuchaji, huzuia tabaka zisiangukiane.

Mwaka 2014 Jinhyuk Lee, Ceder na wenzao walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba kathodi ambayo lithi na metali zimechanganyika ovyo kabisa bado inaweza kufanya kazi, mradi lithi izidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 hivi. Hapo njia ndogondogo huungana zenyewe kutoka upande mmoja wa chembe hadi mwingine.

Nafasi tupu za oksijeni nazo zina sura mbili. Oksidi ya lithi na titani ni unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Ikipashwa moto katika hidrojeni hupoteza oksijeni kidogo, hugeuka kuwa ya buluu na kupitisha umeme vizuri zaidi. Katika kathodi zenye nikeli nyingi kupotea kwa oksijeni ni habari mbaya, kwani gesi hiyo inaweza kusaidia umajimaji wa betri kuwaka.

Jinsi zinavyoonekana

Eksirei hutoa picha ya wastani ya mpangilio wa fuwele. Nyutroni ni bora zaidi kwa kuitambua lithi, ambayo kwa eksirei ni hafifu sana ikiwa karibu na metali nzito. Hesabu za kompyuta zilizofanywa Uingereza na Saiful Islam na wenzake, zilizotolewa mwaka 2005, zilionyesha kwamba katika fosfati ya chuma kasoro rahisi kuliko zote kutokea ni lithi na chuma kubadilishana mahali. Miaka mitatu baadaye Sung-Yoon Chung, Yuichi Ikuhara na wenzao walizipiga picha kwa hadubini ya elektroni: atomu za chuma zilionekana kama vidoa vyenye mwanga mahali ambapo pangepaswa kuwa na giza.

Kuiponya betri iliyochoka

Betri ya fosfati ya chuma inapochoka, mara nyingi kathodi haijavunjika. Lithi imenaswa kwenye utando wa anodi, viti vyake kwenye kathodi vimebaki tupu, na chuma kimeanza kuhamia humo. Kuiyeyusha betri kama hiyo ili kupata metali hakulipi vizuri, maana haina kobalti ya kuuza. Hilo ndilo linalozifanya betri nyingi za aina hii ziishie jalalani.

Mwaka 2020 Panpan Xu, Zheng Chen na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha njia nyingine katika jarida la Joule. Unga wa kathodi iliyochoka uliwekwa katika maji ya moto yasiyofikia kuchemka, yenye chumvi ya lithi na asidi ya sitriki, ile inayolifanya limau liwe kali. Asidi hiyo huipa chuma elektroni. Chuma chenye chaji tatu kinarudi kuwa chenye chaji mbili, na katika hali hiyo huhama kwa urahisi zaidi kutoka kiti cha lithi kwenda kiti chake. Lithi iliyo ndani ya maji huingia mahali palipoachwa wazi. Baada ya kuoshwa, kukaushwa na kupashwa moto, unga ulipata tena uwezo wake wa awali.

Njia hii inahitaji unga wa aina moja. Betri za fosfati na za nikeli zikichanganywa kwenye gunia moja, maji hayo hayawezi kuziponya zote, kwa sababu kasoro zake si sawa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya tanuri na asidi, ni ya mikono: kuzitenga betri kwa aina zake, jambo ambalo ni gumu kwa pakiti za taa na simu zinazouzwa bila alama ya kemia iliyomo ndani.